Kereng'ende Hawajali Presha Yangu

Watu wa ndege wana raha zao. Ndege anaimba, unamsikia kabla hujamwona. Anakaa mtini, unamtazama kwa darubini, unafungua kitabu, unatia alama, unaenda kunywa chai. Akiruka leo, kesho alfajiri yuko pale pale anapiga kelele. Wana waongozaji wa kulipwa, wana kofia maalumu, wana vizibao vyenye mifuko kumi isiyo na kazi. Na mpita njia akiwakuta wamekodoa macho juu, haulizi kitu. Anajua hawa wanatazama ndege. Mimi nimeangukia kwenye kereng'ende, na tangu hapo sina amani wala jibu fupi la kumpa mtu.

Aliyeniponza ni daktari. Alinipima presha, akakunja uso, akasema nitembee, nipate hewa, nitafute kitu cha kutuliza akili. Bao alilikataa, eti ni kukaa tu, tena lina ubishi. Mpira aliukataa baada ya kuniuliza nashabikia timu gani. Sasa nyuma ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam kuna bonde lenye matete, bustani za mchicha na matembele, na visima vifupi vya kumwagilia, na juu ya kila kisima kuna kereng'ende. Hawaumi, hawana kiingilio, na kila mtoto anawafahamu. Daktari aliposikia alifurahi sana. Mtu gani, akasema, anaweza kupandwa na presha kwa sababu ya kereng'ende?

Nitamweleza ni mtu gani.

Kwanza, idadi yao. Ukiuliza mtaani utaambiwa kereng'ende wako watatu: mwekundu, wa buluu na wa rangirangi. Kitabu chenyewe, walichokiandika Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer kikatoka mwaka 2014, kinashughulika na wa kuanzia Sudan hadi Zimbabwe, na ndani yake mna aina zaidi ya 500. Wala usidhani daftari limefungwa. Mwaka 2015 Dijkstra na wenzake walitangaza aina 60 mpya za Afrika kwa mkupuo mmoja, na mmojawapo wakamwita Umma gumma, kwa heshima ya albamu ya bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd. Mimi bado nahangaika na wa kisimani kwa mzee wa mchicha, wenzangu wanaongeza foleni huku wanasikiliza muziki.

Jambo jepesi ni moja tu, nakushauri ulifurahie maana hutapata jingine. Wako wembamba na wako wanene. Wembamba wakitua, wengi wao hukunja mabawa na kuyalaza mgongoni, na macho yao yako mbali, moja huku na jingine kule. Wanene hubaki wametandaza mabawa, na macho ya wengi wao yamekutana katikati mpaka kichwa kizima ni jicho. Hapo umemaliza elimu ya msingi. Kuanzia hapo ni vilio.

Chukua wekundu. Kwenye kisima kimoja wanakaa wawili, na kwa mbali ni mtu na pacha wake. Mmoja ni Crocothemis erythraea: tumbo pana lililobanwa bapa, mwekundu uso, mwekundu miguu, mwekundu kila mahali. Wa pili ni Trithemis arteriosa: tumbo jembamba, miguu myeusi, mabaka meusi ubavuni karibu na ncha ya mkia, na vimishipa vya mabawa vyekundu. Huyu akitua huyashusha mabawa mbele, na jua la saa sita likimzidi hunyanyua mkia juu wima, ncha ikalielekea jua, ili mwili upate joto dogo. Ukishamwona mmoja hivi, kijiti kizima chini yake na mkia mwekundu juu yake, utasema sasa nimewajua. Subiri waje wake zao. Majike ni rangi ya majani makavu. Na madume wachanga wana rangi ya mama zao, wekundu huja baadaye. Kwa hiyo katika kundi la kereng'ende, wengi ni wale ambao rangi yao haikusaidii hata kidogo, na wachache waliobaki wanakuchanganya.

Sasa njoo kwa wa buluu. Hapa ndipo heshima yangu mtaani ilipozama.

Kuna ukoo unaitwa Orthetrum. Madume wake wengi wakikomaa hutokwa na unga wa nta wa rangi ya buluu ukawafunika mwili, na wote wanatoka sare moja. Kitabu, kwa upole wa kidaktari, kinakwambia tofauti ya uhakika iko kwenye kulabu ndogo iliyopo chini ya pingili ya pili ya tumbo. Na kulabu hiyo ni nini? Ni sehemu za siri. Dume wa kereng'ende kaumbwa kwa fumbo: mbegu zake hutengenezwa karibu na ncha ya mkia, lakini viungo vya kujamiiana viko huku mbele, chini ya tumbo jirani na kifua, hivyo hana budi ajikunje na kujihamishia mzigo mwenyewe kabla ya shughuli. Ndiyo sababu wawili wakikutana huonekana wamefanya umbo la moyo: dume kamkamata jike nyuma ya kichwa kwa mkia wake, na jike kakunja tumbo lake mpaka likafika kwenye kifaa. Mwaka 1979 Mmarekani Jonathan Waage alionyesha, kwa aina moja ya wale wembamba wa kwao, kwamba kifaa chenyewe kina kazi mbili. Kabla dume hajaweka mbegu zake, kwanza anakwangua na kutoa za mwenzake aliyetangulia. Wivu wa daraja hilo hata kwenye taarabu sijausikia.

Sasa niweke mimi kwenye picha. Mtu mzima, mvi kichwani, nimechuchumaa kando ya njia ya bondeni. Mkono wa kushoto nimemshika kereng'ende inavyotakiwa, mabawa yote manne yamekunjwa pamoja juu ya mgongo katikati ya vidole, maana hivyo haumii. Mkono wa kulia nina lenzi, na jicho langu liko chini ya tumbo la mdudu. Akapita mama mmoja wa kikundi cha vikoba cha mama watoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umedondosha nini?"

"Sijadondosha. Namtazama kereng'ende."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Naangalia..." Nikakwama. Hakuna namna ya adabu ya kuumalizia msemo ule. "Naangalia kama ni dume wa aina gani."

Akanyamaza kidogo. "Na ukishajua?"

"Naandika."

Akaniombea afya njema, akaongeza mwendo. Nilipofika nyumbani jioni, taarifa ilikuwa imeshatangulia, tena ilikuwa imenenepa njiani. Mama watoto alinipakulia chakula bila neno, akakaa mbali kidogo, akaniuliza kama dawa za presha nazimeza kwa wakati.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema majirani watamfikiriaje akishainama.

Basi nikaamua kusimama. Nikanunua darubini inayoona karibu, nikachukua daftari, nikajisimamisha kwenye kingo za bonde kwa heshima zangu. Hayakupita masaa akaja kijana wa bodaboda, akazima pikipiki.

"Mzee, mnapima?"

"Kupima nini?"

"Si ndiyo hiyo. Fidia inaanza lini?"

"Natazama kereng'ende, kijana."

Akanikonyeza. "Nimekuelewa, mzee. Siri."

Kesho yake njia niliyozoea kupita ilikuwa na migomba mipya pande zote mbili, imechomekwa usiku, udongo wake mbichi. Mtu wa Dar akinusa fidia hupanda kwanza na kuuliza baadaye. Mjumbe naye akanitembelea, akakaa kitini kwa saa nzima akizungumzia mvua, na wakati wa kuaga akaniambia yeye ana kiwanja kidogo kule chini, kama litakuwepo jambo basi nisimsahau. Nimejaribu kumwonyesha mjumbe daftari langu. Limejaa maneno kama Trithemis na Pseudagrion na namba za pingili. Alilitazama ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia kwa mikono miwili. Sasa anaamini mradi wenyewe ni wa wazungu.

Wajuzi wa kila kitu wataniambia nipige picha kwa simu nikajifungie chumbani. Hawajawahi kumnyemelea kereng'ende. Kila jicho lake limeundwa kwa vijicho vidogo vinavyoweza kufika 30,000, na anaona mbele, juu, chini na ubavuni kwa wakati mmoja. Akiwinda, waliompima wameona anamdaka mbu au inzi zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Kiumbe wa namna hiyo ndiye nimfuate mimi, na goti hili, na buti za mpira zinazolia kwenye tope. Kivuli changu kikimgusa tu, kaondoka. Picha nilizonazo kwenye simu ni za majani mazuri sana, na kwenye kila moja, ukikuza, kuna kidoti mfano wa punje ya pilipili manga iliyosahauliwa kwenye sahani ya pilau.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, huruma moja wanayo. Dume wa kisimani ana kijiti chake. Ukimfukuza anazunguka, anamtimua jirani, anarudi kwenye ncha ile ile. Ukikaa kimya upande ambao jua haliko nyuma yako, kati ya saa nne na saa nane mchana, atakuja mwenyewe. Yuko pia mwingine, Brachythemis leucosticta, dume wake ana ukanda mweusi kwenye kila bawa. Huyo anakufuata unapotembea kando ya maji, wakati mwingine kundi zima miguuni. Usijisikie umependwa. Anafuata vijidudu unavyovitimua majanini, na ng'ombe akipita anakuacha anamfuata ng'ombe.

Mvua za vuli zikianza yanakuja makundi mengine, rangi ya manjano inayoelekea dhahabu, yanaelea juu ya viwanja vya mpira na kuwamaliza kumbikumbi. Huyo ni Pantala flavescens, na kumtambua si kazi. Kazi ni kwamba hatui. Unazunguka uwanja mzima ukiwa umeinua shingo, yeye anazunguka nawe. Mwanabaiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alishangaa kuwaona wakifika kila Oktoba kwenye visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi. Mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India, wanavuka bahari kwa msaada wa upepo, wanapita Maldivi na Shelisheli, na wanafika Afrika Mashariki pamoja na mvua. Kisha kizazi kinachofuata kinarudi kwa upepo wa kusi. Mzunguko mzima alikadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, na unachukua vizazi kama vinne. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na ushuru yalilipa. Huyu hafikishi hata nusu gramu, anavuka Bahari ya Hindi bila pasipoti, halafu mimi nalaumiwa na majirani kwa kumtazama.

Tena Pantala ndiye aliyenigombanisha na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Jike wake hutafuta madimbwi ya mvua, kwa kuwa watoto wake hukua haraka, wiki sita hivi wameshatoka majini kabla dimbwi halijakauka. Na maji anayatambua kwa jinsi mwanga unavyorudi kutoka juu yake. Bahati mbaya, rangi ya gari jeusi lililopigwa polishi huurudisha mwanga vivyo hivyo. Jirani yangu analo jeusi, na kila Jumamosi anasimamia kuoshwa kwake kwa mikono kiunoni. Siku hiyo, kitambaa cha mwisho hakijakauka, kereng'ende akashuka kwenye boneti, akachovya mkia, tap, akasogea, tap, akasogea.

"Mzee mwenzangu, huyu mdudu wako anafanya nini kwenye gari langu?"

"Anataga."

"Anataga?"

Nikamweleza habari ya mwanga, kwa utulivu, jinsi daktari alivyoshauri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo gari langu ni dimbwi."

"Kwa macho yake, ndiyo."

Mpaka leo salamu yake ni ya kichwa tu. Nilikusudia kumwambia kwamba mayai yale yatakufa bure kwa jua na wa kuonewa huruma ni jike, lakini nikaona tusifike huko.

Kuna mtu atasema, mzee, hamia msituni, watu hakuna. Nimeenda. Nimepanda mpaka Amani, juu ya Muheza, Usambara Mashariki, mahali ambapo Wajerumani waliweka kituo cha utafiti mwaka 1902 na baadaye pakawa na wataalamu wa malaria. Mmoja wao, Mick Gillies, anakumbukwa kwa jina la kereng'ende mwembamba, Amanipodagrion gilliesi, aliyeandikwa na Elliot Pinhey mwaka 1962. Duniani kote anajulikana kutoka vijito vya msitu ule tu, na yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mtu ukisikia hivyo, unafunga safari. Nikafika, ukungu ukafika, mvua ikafika. Kereng'ende wengi hufanya kazi na jua. Kukiwa na wingu wanajichomeka majanini na kufunga ofisi. Nilikaa chini ya mwavuli kando ya kijito nikiyatazama maji yakipita, mpaka mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchuma iliki akaniuliza nangoja nani. Nikamwambia. Akaniuliza kama Dar hakuna wadudu.

Jua lilichungulia kidogo siku ya kushuka, mtoni huko chini, nikamwona mmoja wa Platycypha akimchezea jike. Anasimama hewani mbele yake, miguu kaipanua, miundi yake mipana myeupe anaitingisha mbio mbio. Jike alikuwa amekaa kwenye gogo lililolowa. Alimtazama, akamtazama, akaondoka. Dume akabaki hewani na miguu yake. Nilimwelewa vizuri kuliko kereng'ende yeyote niliyewahi kukutana naye.

Nikarudi bondeni kwetu, na huko sasa nina bosi. Ni watoto watatu wa mtaani wanaochota maji kisimani wakitoka shule. Walianza kwa kuniletea kereng'ende waliofungwa uzi, miguu nusu. Nikawapa sharti: hakuna kukamata, hakuna uzi, atakayenionyesha aina ambayo sijaiandika atapata mia mbili. Nilidhani nimeajiri wasaidizi. Baada ya muda mfupi bei ilipanda hadi mia tano, kwa hoja kwamba wa mia mbili wameisha. Wanafahamu kijiti kipi ni cha nani, wanafahamu yule mkubwa wa buluu na kijani anayepiga doria bila kutua hupita juu ya matete mchana, na wanafahamu wale wa rangi ya udongo ambao hutoka wakati wa magharibi kula mbu. Latini hawana. Hawaihitaji, kwa sababu kila mmoja wamempa jina la mwalimu wao.

Juzi mdogo wao, wa darasa la tatu, alikuja mbio kunivuta mkono. Nikamkuta kereng'ende wa buluu kijitini, kifua kina mistari, mkia una ncha nyeusi. Nikafungua daftari, nikapekua, sikumwona humo. Nikatoa mia tano mfukoni kwa furaha ya kweli.

Mtoto hakuipokea. Aliinama, akamwangalia mdudu kwa ubavu.

"Aa, mzee, huyu siyo mpya. Ni yule wa juzi, ulishamlipia. Ona bawa la kushoto limemegeka. Alikuwa bado hajageuka rangi."

Nikamtazama vizuri. Bawa lilikuwa limemegeka. Nikairudisha sarafu mfukoni, nikaanza kufuta mstari niliouandika, nikaona kiganja bado kimenyooshwa mbele yangu.

"Sasa unadai nini? Umesema mwenyewe ni yule yule."

"Kumwonyesha ni bure," akasema. "Mia tano ni ya kukuambia."